Chupa Kumi na Mbili Kando ya Mtungi

Aliyeziharibu chupa ni mama yangu, lakini kosa lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu ndugu zangu wakiisimulia habari hii humcheka mama peke yake, nami hukaa kimya nikiendelea kula ubwabwa wake.

Zilikuwa chupa 12, ndogo, kila moja kimo cha kidole cha mwisho, na ndani yake poda nyekundu kama tofali. Nilizitoa maabara Dar es Salaam nikazileta nyumbani Ujiji kwa treni, ndani ya kopo la maziwa ya unga nililolitandika pamba. Poda ile ilibeba rifampisini, dawa ya kifua kikuu ambayo kila aliyewahi kuimeza anaijua kwa mkojo wake: unatoka mwekundu mpaka mtu mzima anashtuka. Dawa hiyo nilikuwa nimeifunga ndani ya chembe za polima, kitu cha jamii ya plastiki, zenye upana wa nanomita 200 hivi; nanomita ni mita moja ikigawanywa mara bilioni. Unywele mmoja wa kichwa una upana wa nanomita 80,000 mpaka 100,000. Bakteria mwenyewe wa kifua kikuu ana urefu wa nanomita 2,000 na zaidi, kwa hiyo chembe zangu kumi zingeweza kujipanga mstari mmoja mgongoni mwake.

Kabla ya hayo yote nilikuwa mfamasia wa dirishani tu, hapa hapa Kigoma. Mtu anakuja na karatasi, unasoma, unahesabu, unafunga, unamwambia asubuhi na jioni baada ya kula. Sikuwa na mawazo ya nano. Aliyenitia humo ni shangazi yangu, dada yake baba, alipopatikana na TB.

Dozi ya TB ya kawaida ni miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne kwa pamoja, minne iliyobaki dawa mbili. Kwetu hutolewa bure. Shangazi alikuwa na kilo 43, kwa hiyo vidonge vyake vilikuwa vitatu kila siku, vile vya mchanganyiko, kila kimoja kikiwa na rifampisini miligramu 150. Msimamizi wake wa dawa nilikuwa mimi mwenyewe, mfamasia mwenye cheti ukutani. Miezi miwili ikaisha, kikohozi kikakata, mashavu yakarudi, akaanza tena kwenda Kibirizi kuchukua dagaa wa kuuza. Siku moja nikitandua kitanda chake nikakuta vidonge vya siku tisa ndani ya foronya.

Sikumfokea. Nilikaa kitandani navyo mkononi mpaka aliporudi. Alipoviona alivua ushungi, akakaa, akanijibu kabla sijauliza.

“Wewe si umesoma dawa? Binti yangu wamemwekea kijiti mkononi, kimoja tu, miaka mitatu hana habari. Mimi kwa nini nimeze kila siku kama ninayelisha kuku?”

Nilimwambia dawa ni tofauti, ugonjwa ni tofauti, maneno ambayo sisi wa dirishani tunayo ya kumfungia mtu mdomo. Akameza mbele yangu siku zote zilizobaki, akapona. Lakini swali lake halikuwa la kijinga, nami nilijua. Kijiti kile cha uzazi wa mpango ni polima. Ni plastiki laini yenye urefu wa sentimita nne, imebeba homoni ndani yake, nayo homoni inapenya kidogo kidogo kutoka ndani kwenda nje, siku hadi siku, bila mtu kukumbushwa. Kwa nini isiwe hivyo kwa TB?

Na nchi yetu ina historia yake katika jambo hili la kumeza kila siku. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na nyuma yake alikuwako daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Utaratibu uliojaribiwa hapa Tanzania ndio ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza kwa jina la DOTS: mgonjwa ameze mbele ya mtu mwingine. Yaani dawa za kuua bakteria zilikuwepo, ila binadamu wa kumeza miezi yote hiyo hakuwepo, na jibu likawa jicho la jirani. Mimi nilikuwa jicho hilo, na bado siku tisa zikalala ndani ya foronya.

Ndipo nikarudi shule.

Sitasimulia shahada yote. Mwaka wa kwanza ulikwenda kwa kusoma na kungoja kemikali zilizokwama bandarini. Ila kuna hadithi moja niliyoisoma humo ambayo sikuipa uzito, na laiti ningeipa. Kuna polima inayotokana na asidi ya glaikoliki. Wakemia waliijua tangu miaka ya zamani, wakaitupa pembeni kwa sababu haikufaa kwa nguo wala kwa chombo: maji yanaikata. Viungo vinavyoshika mnyororo wake ni vya esta, na molekuli ya maji ikiingia katikati, kiungo kinaachia. Miaka ya 1960 watu wakaligeuza jambo hilo, wakauliza ni wapi tunataka kitu kinachokatika chenyewe kwenye maji, wakapata jibu ndani ya mwili. Ukatoka uzi wa kushonea vidonda usiohitaji kutolewa. Kila mama aliyezaa kwa operesheni akaambiwa “nyuzi zitayeyuka zenyewe” amebeba jamaa ya polima ile tumboni mwake.

Niliyoitumia mimi inaitwa PLGA, mchanganyiko wa asidi hiyo ya glaikoliki na asidi ya laktiki, ile ile ya maziwa mgando. Ikikatika inarudi kuwa asidi hizo mbili, nazo mwili unazichoma kama chakula mpaka zibaki maji na hewa ya kaboni. Hapa ndipo inapokizidi kijiti, kwa sababu kijiti muda wake ukiisha lazima daktari apasue akitoe. Na kasi yake unaichagua. Ukiweka asidi hizo nusu kwa nusu, inaisha ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ukiongeza ya laktiki mpaka robo tatu, inakaa miezi mingi zaidi, kwa kuwa ya laktiki ina kitawi kimoja cha methili kinachofukuza maji kama manyoya ya bata. Saa yote ya dawa hii ni maji. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari langu, nikapiga mstari chini yake, nikafaulu mtihani, nikasahau.

Watu hudhani kutengeneza chembe za nano kunataka mitambo ya ajabu. Mama aliponiuliza nafanya nini huko Dar, nilimwonyesha kwa karai na Dettol. Ukimimina Dettol kwenye maji safi, kimiminika cha kahawia kinageuka cheupe kama tui, bila kukoroga. Mafuta yaliyokuwa yametulia ndani ya spiriti yanajikuta kwenye maji ghafla, hayana pa kukimbilia, yanajikunja kuwa matone madogo mno, na matone hayo ndiyo yanayotawanya mwanga mpaka unaona weupe. Maabara ni hivyo hivyo. PLGA na rifampisini unaziyeyusha kwenye asetoni, unadondosha tone tone kwenye maji yenye kitu cha jamii ya sabuni, kisumaku kinazunguka chini. Asetoni inakimbilia kwenye maji, polima inabaki yatima, inajikunja na dawa tumboni. Maji yanakuwa ya maziwa, kwangu mimi maziwa ya rangi ya waridi. Wafaransa waliieleza njia hii mwaka 1989 na mpaka leo wanafunzi tunaanzia hapo.

“Kumbe umekwenda chuo kujifunza kumimina Dettol,” akasema mama.

Kulikuwa na sababu nzuri ya kuchagua TB. Bakteria wa TB hujificha ndani ya seli za kinga, zile zinazomeza wavamizi. Askari anamla adui, adui anageuza tumbo la askari kuwa nyumba. Lakini seli hizo hizo zina tabia ya kumeza chembe yoyote ya ukubwa kama wa zangu. Kwa hiyo badala ya kuilazimisha dawa kutafuta njia, unampa askari mwenyewe ambebee dawa adui yake. Kule Chandigarh, India, mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba panya wenye TB walipewa chembe za PLGA zenye dawa kwa mdomo kila baada ya siku kumi, na baada ya dozi tano tu hawakuonekana na bakteria kwenye viungo vyao. Niliposoma hapo nilimwona shangazi akipewa dozi tano. Nililala vibaya kwa furaha.

Furaha ile ilikatwa na rangi. Rifampisini ina uzuri huo, kwamba huhitaji mashine kujua imetoka. Nilitia chembe zangu kwenye kifuko chenye vitundu visivyopitisha chembe ila vinapitisha dawa, nikakitumbukiza kwenye maji ya chumvichumvi yenye joto la mwili, nyuzi 37. Ilikuwa jioni. Nilitegemea asubuhi nikute maji yamepata rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Alfajiri niliporudi maji yalikuwa kama Fanta. Sehemu kubwa ya dawa niliyoifunga kwa wiki nzima ilikuwa imetoka kabla ya jogoo kuwika.

Jambo hilo linawasumbua wote wa fani hii. Chembe ikiwa ndogo, ngozi yake ni kubwa kuliko tumbo lake, na dawa nyingi hukaa karibu na ngozi. Ikigusa maji inaponyoka yote kwa mkupuo. Watu wa nje hudhani kazi ni kuifikisha dawa. Kuitia ndani ni kazi ya asubuhi moja. Kuizuia isitoke ndiyo iliyonila mwaka. Nilibadilisha polima, nikaosha chembe mara tatu badala ya moja, nikapunguza dawa ili polima izidi, na kila nilipopunguza dawa nilijua naongeza uzito wa vitu visivyotibu. Nilishughulika pia na usafi: PLGA haivumilii mvuke wa nyuzi 121 unaochemshia vifaa vya hospitali, na chujio la kuzuia vijidudu lina vitundu vya nanomita 220, ambavyo vinanasa chembe zangu pamoja na vijidudu. Hapo sikuwahi kupata ufumbuzi wa kujivunia.

Mwishowe nikapata chembe ambazo zilitoa dawa kwa siku kadhaa bila ule mkupuo mkubwa. Chembe zikikaa kwenye maji zinaharibika, basi nikazikausha kwa kuzigandisha. Barafu inapotengenezwa inazisukuma chembe zigandamane, kwa hiyo unatia sukari ikae katikati yao kama mtu anayeamua ugomvi. Nilitia sukari ya kawaida iliyosafishwa. Msimamizi wangu akaziangalia, akaniambia: “Wewe kwenu Kigoma. Zichukue nusu uende nazo. Usiweke kwenye friji. Nataka kujua zinaishije nyumbani kwa mtu.” Majaribio ya kabati tulikuwa nayo, yale ya kuiacha dawa kwenye nyuzi joto 30 na unyevu asilimia 75 uone itadumu vipi, yanayotumika kwa nchi za joto na mvua. Ila kabati la maabara halina watoto, halina panya, halina mama.

Kitu kilichonitia hofu ni joto. PLGA kavu inaanza kulegea kwenye nyuzi 45 mpaka 50, na mimi najua behewa la treni saa nane mchana baada ya Dodoma. Nilinunua kipimajoto kidogo nikakitia ndani ya kopo. Kila baada ya saa mbili nafungua mfuniko, nasoma, naandika, nafunga. Abiria wenzangu waliamua kwamba nimebeba kitu cha mganga. Tulipofika Tabora akapanda mzee mmoja na madumu manne ya asali ya Sikonge, akakaa mbele yangu. Shikamoo, marahaba, unakwenda wapi, watu wa wapi. Akaniangalia nikifungua kopo mara ya kwanza, akanyamaza. Mara ya pili akashindwa.

“Mwanangu, kitu hicho cha unga?”

“Ndiyo mzee. Kina sukari pia ndani yake.”

“Basi acha kufungua fungua. Sukari inakunywa hewa. Hii asali yangu nikiacha dumu wazi wakati wa mvua, juu inakuwa maji maji, siku chache inachacha. Asali haiozi kwa sababu ni kavu, watu hawajui. Wanaona inamiminika wanasema ni maji.”

Alikuwa sahihi kuliko vitabu vyangu. Asali nzuri ina maji chini ya asilimia 20, na ndiyo maana vijidudu havipati pa kuishi. Nilimwitikia kwa adabu, nikampa karanga, nikafungua kopo tena Urambo.

Nilifika Ujiji mwezi wa kumi na mbili, mvua imeshika. Nilimkabidhi mama kopo, nikamwambia maneno haya, nayakumbuka moja moja: “Mama, hizi zinataka baridi. Zisipigwe na jua.” Kisha nikaenda Kasulu kwa kazi nyingine ya wiki sita.

Sasa fikiria uko nyumbani kwetu na unatafuta mahali pa baridi. Bati juu, ukuta wa tofali, friji nimeikataza mwenyewe. Nyumba nzima ina mahali pamoja tu pa baridi kweli kweli, kona ya ukumbini ulipokaa mtungi. Mtungi wa udongo unatoka jasho, jasho linakauka, maji yanapoa, na mchanga ulio chini yake haukauki mwaka mzima. Mama alizitoa chupa kwenye kopo kwa sababu kopo ni bati na bati linashika joto. Akazipanga mchangani, duara, kuuzunguka mtungi. Kila alfajiri akichota maji ya kutawadha aliziangalia. Akaanza kuziita wagonjwa. Nikipiga simu ananiambia, “Wagonjwa wako hawajambo, wamepoa kabisa.”

Niliporudi, poda iliyokuwa imesimama ndani ya chupa kama kipande cha chaki ilikuwa imenywea, imejikunja, imeganda chini kama sukari guru iliyosahauliwa. Chupa zote 12. Ili kuokoa fedha nilikuwa nimetumia vifuniko vya kuzungusha badala ya vizibo vya mpira vinavyobanwa kwa aluminiamu, na unyevu ukapita kwenye nyuzi za kifuniko kama mchwa. Nilisimama pale ukumbini, mama yuko nyuma yangu na kata mkononi.

“Zimekufa?”

“Zimekufa, mama.”

“Kwa baridi?”

“Kwa maji.”

Akaniangalia kwa muda. “Wewe ulisema baridi. Ungesema kavu, ningeziweka juu ya kabati na chumvi. Chumvi mwezi huu naifunga mara mbili, isipofungwa inalia.”

Chumvi ya Uvinza inayeyuka kwenye kopo kila masika, kila mwanamke wa Kigoma anajua, na mimi niliyepiga mstari chini ya sentensi ile kwenye daftari sikujua.

Nilizirudisha chupa Dar hivyo hivyo. Nikatia maji, nikatikisa. Chembe zisingalidhurika zingerudi kuwa maziwa ya waridi; hizi zilibaki mabonge yanayozama. Mashine ya kupima ukubwa kwa leza ikatoa majibu yanayorukaruka, kila kipimo na lake, yote makubwa mno. Kwenye jaribio la rangi, Fanta ilitokea ndani ya saa moja. Polima nayo ilikuwa imeanza kukatika humo humo chupani, saa yake ikitembea kando ya mtungi kabla ya kuingia mwilini mwa mtu. Na joto nililoliogopa safari nzima? Poda ikinywa maji, kiwango cha kulegea kinashuka chenyewe, kwa hiyo kona ya baridi ya mama iliwafanyia wagonjwa kile ambacho behewa la Dodoma halikuweza. Msimamizi wangu aliuliza swali moja tu, kwamba niliandika nini kwenye lebo. Tukatazama. Palikuwa na namba na tarehe.

Safari iliyofuata nilipita nyumba za mtaani kwetu kuuliza dawa zinakaa wapi. Haukuwa utafiti, sikuhesabu kitu, nilikunywa chai tu na kutazama. Niliona vidonge vya presha ndani ya sufuria yenye mfuniko. Niliona dawa za mtoto darini, chini ya bati. Bibi mmoja aliziweka ndani ya Kurani ya zamani, kwa kuwa hapo watoto hawagusi. Jirani mwenye friji aliweka kila kitu humo pamoja na migebuka, na umeme ukikatika barafu inayeyukia juu ya pakiti. Na nyumba tatu nilikuta dawa kando ya mtungi. Miaka yote niliyokaa dirishani nilisema “weka mahali pa baridi na pakavu” kwa pumzi moja, kama mtu anayemalizia salamu, na masikio ya watu yalichukua neno la kwanza. Siku hizi nasema pakavu, nanyamaza, namwuliza mama aliye mbele yangu nyumbani kwake pakavu ni wapi.

Swali la shangazi nililijibu mwaka jana, barazani, na lilinichukua muda kulijibu kwa sababu halikuwa jibu nililolitaka. Nilimpa hesabu. Kijiti cha binti yake kina homoni miligramu 68 kwa miaka mitatu. Mwanzoni kinatoa mikrogramu 60 au 70 kwa siku, mwishoni 25 au 30, na mwili unaridhika, kwa kuwa homoni ile ni kali hata ikiwa chembe tu. Shangazi alikuwa anameza rifampisini miligramu 450 kwa siku. Siku moja ya dawa yake inazidi vijiti sita vya binti yake. Kwa mwezi ni gramu 13 na nusu, na kwenye chembe zangu dawa ni sehemu moja ya kumi, iliyobaki ni polima. Kumpa mwezi mmoja kwa sindano moja ningehitaji gramu 135.

“Gramu 135 ni kiasi gani?”

Nikamwonyesha kwa viganja viwili, kama unavyopima unga.

“Hiyo unanidunga au unanizika?”

Ndiyo maana zaidi ya miaka 20 baada ya panya wa Chandigarh watu bado wanameza kila siku. Waliofika mbele kwenye sindano za muda mrefu ni wenye dawa kali zinazotaka kiasi kidogo. Ile ya kabotegravia ya kuzuia VVU, inayochomwa kila miezi miwili, haina hata kapsuli ya polima. Ni fuwele za dawa yenyewe zilizosagwa mpaka nanomita 200 hivi. Kwenye saratani nako, mwaka 2016 watafiti walikusanya machapisho ya miaka kumi wakakuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe zinazodungwa ndiyo inafika kwenye uvimbe. Mimi naamini kwa TB njia yetu itapita mapafuni, kwa kuvuta hewa, dozi ndogo inayokwenda moja kwa moja kwa seli zile zinazomeza. Lakini hiyo ni imani yangu, na shangazi hakuinunua.

“Kwa hiyo foronya yangu ilikuwa na haki,” akasema, akaendelea kuchambua dagaa.

Kundi jipya la chupa liko Ujiji tangu mwezi wa kumi na moja. Nimebadilisha sukari nikatia trehalosi, sukari ya aina nyingine, kwa sababu sukari ya kawaida ikikaushwa kwa kugandishwa, hata ikiwa kavu, inalegea kwenye nyuzi 60 na kitu, nayo trehalosi inavumilia mpaka kupita 100. Vizibo ni vya mpira, vimebanwa, kila chupa iko kwenye mfuko wake wa aluminiamu na kipakiti cha silika jeli ya kunyonya unyevu. Nne ziko juu ya kabati na chumvi, nne darini. Nne, kwa kusudi, ziko kando ya mtungi, mahali pale pale, duara. Mama anazitembelea kila Ijumaa, anatazama kikadi cha unyevu kilicho ndani ya kila mfuko kupitia kidirisha chake, bluu kama pakavu, waridi kama pameingia maji, anaandika kwenye daftari la mkopo wa kikoba.

Amenipigia jana baada ya magharibi.

“Wa mtungini wote bluu.”

“Na wa darini?”

“Bluu. Ila mmoja panya kamtafuna mfuko, nimemhamishia kwenye foronya ya shangazi yako.”